Kuonyesha Njia: Maandalizi ya Usaili na Jalada la Kazi kwa Msanifu wa Matumizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapopewa uzi, kipande cha chuma na saa, akaambiwa atafute mchapuko wa uvutano wa dunia, jibu lake linajulikana kabla hajaanza. Limo kitabuni: ni karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Mtahini hamtumi kwenda kuligundua upya. Anachokitafuta ni jedwali la vipimo, idadi ya mibembeo iliyohesabiwa, sababu ya kupima mara tatu badala ya mara moja, na maelezo ya kosa lililoingia katika kipimo. Mwanafunzi aandikaye 9.8 peke yake hapati alama nyingi, ijapokuwa jibu lake ni sahihi. Tena hushukiwa kwamba amelinakili.

Usaili wa kazi ya usanifu wa matumizi unafanana sana na mtihani huo. Hata hivyo vijana wengi huuendea kana kwamba ni maonyesho ya picha. Hubeba michoro ya kupendeza, huieleza kwa dakika chache, na hushangaa wanapoulizwa swali ambalo picha haiwezi kulijibu. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo ni ipi, wasaili hutafuta nini, na jinsi mwombaji anavyoweza kujiandaa tangu angali shuleni, hata mahali pasipo na kompyuta.

1. Usanifu wa matumizi ni nini?

Usanifu wa matumizi ni kazi ya kupanga jinsi mtu atakavyokutana na chombo, programu au huduma: atakachokiona kwanza, atakachobonyeza, atakachoelewa na atakapokosea, mpaka shughuli yake iishe. Katika matangazo ya ajira kazi hii huandikwa kwa herufi mbili, UX. Haifai kuchanganywa na upambaji. Rangi na umbo ni sehemu yake, lakini msingi wake ni uchunguzi wa binadamu anapofanya kazi.

Asili yake yasaidia kulielewa jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilisumbuliwa na ajali za ndege za aina ya B-17. Rubani akiisha kutua salama, alikusudia kurudisha vibao vya nyuma ya mabawa. Badala yake alikunja magurudumu, na ndege ikalala kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza, alikuta kwamba swichi za kazi hizo mbili zilikaa ubavu kwa ubavu na kufanana. Dawa yake ilikuwa rahisi: swichi ya magurudumu ilivikwa kipande chenye umbo la gurudumu, na ile ya vibao kipande chenye umbo la kabari, ili mkono uzitambue hata pasipo kutazama. Kosa lililokuwa likiitwa la rubani likaonekana kuwa la aliyezipanga swichi.

Miaka mingi baadaye, Donald Norman, aliyejiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993, alieneza jina ambalo herufi UX zinatokana nalo. Lakini swali lilibaki lile lile la Chapanis: mtu anapokosea, ni kitu gani katika chombo chenyewe kilichomwelekeza kwenye kosa hilo?

2. Funzo kutoka Kenya

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika ya Mashariki ni huduma ya M-Pesa. Mwaka 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za maendeleo kutoka Uingereza, zilianza jaribio nchini Kenya pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Kusudi la kwanza halikuwa lile linalojulikana leo. Lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea mkopo na kurejesha marejesho yake kwa simu ya mkononi.

Waendeshaji wa jaribio walipoangalia watu walivyoitumia huduma hiyo, waliona mambo ambayo hawakuyapanga. Wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwa wakala mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, ili wasitembee nazo mfukoni. Wakati huo huo, shughuli za marejesho zilizolengwa hasa zilileta matatizo katika hesabu za mkopeshaji na katika desturi ya mikutano ya vikundi vya wakopaji. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, ujumbe wake mkuu haukuwa mikopo tena, bali kutuma pesa nyumbani.

Chukulia sasa kwamba mmoja wa walioshiriki angekwenda kwenye usaili akaonyesha menyu ya mwisho tu. Menyu ile ilikuwa orodha fupi ya maneno ndani ya kadi ya simu, iliyoweza kutumika hata kwa simu ya bei nafuu. Kwa macho haina uzuri wa kusimulia. Thamani yake yote imo katika njia: kilichodhaniwa, kilichoonekana, na ujasiri wa kuiacha dhana ya kwanza baada ya ushahidi kuikataa. Hicho ndicho wasaili wanachotaka kukisikia.

3. Jalada la kazi

Jalada la kazi ni mkusanyiko wa kazi ambazo mwombaji amezifanya, ukiwa umepangwa ili mtu mwingine aweze kufuata fikra zake. Kazi mbili au tatu zilizoelezwa kwa kina hufaa kuliko kumi zilizotajwa kwa majina. Kila kazi yapasa ijibu maswali saba:

(a) Tatizo lilikuwa nini, na lilikuwa la nani?
(b) Mwombaji alijuaje kwamba ni tatizo kweli?
(c) Ni masharti gani yaliyombana: muda, fedha, aina ya simu, lugha?
(d) Ni njia zipi zilizofikiriwa, na kwa nini moja ilichaguliwa?
(e) Jaribio lilifanywa na watu gani, wangapi, na katika hali gani?
(f) Nini kilibadilishwa baada ya jaribio?
(g) Nini hakijatatuliwa bado?

Mfano wa kubuni utaonyesha tofauti. Waombaji wawili wameshughulikia jambo moja, yaani menyu ya simu ya kulipia ankara ya maji. Mwombaji wa kwanza anaonyesha skrini nane zilizochorwa vizuri kwa rangi ya bahari. Anasema kwamba muundo wake ni wa kisasa na kwamba watumiaji waliupenda. Msaili anauliza, "Kwa nini namba ya mita inatangulia kiasi cha fedha?" Mwombaji anajibu kwamba hivyo ndivyo ilivyo kawaida. Msaili anauliza tena, "Watumiaji hao walikuwa akina nani?" Kumbe walikuwa wanafunzi wenzake wawili wa bwenini, ambao hawajapata kulipa ankara ya maji maishani mwao.

Mwombaji wa pili ameleta karatasi nne. Anaeleza kwamba aliomba ruhusa akakaa asubuhi mbili penye kibanda cha wakala, akawatazama watu sita wakijaribu kulipa. Wanne walikwama mahali pamoja: penye namba ya mita, yenye tarakimu nyingi, ambayo waliinakili kutoka kwenye ankara iliyokunjwa mfukoni. Kwanza alijaribu kuongeza maelekezo marefu zaidi. Katika jaribio la watu watano, watatu walikosea vile vile, kwa kuwa hawakuyasoma. Ndipo akabadili fikra: badala ya kumwonya mtu asikosee, menyu imwonyeshe jina la mwenye mita kabla ya kulipa, naye athibitishe. Alipojaribu tena na watu watano wengine, wanne walifaulu. Wa tano, mzee mmoja mpangaji, alisimama. Mita ilikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Alipoona jina asilolitarajia alidhani amekosea, akafuta yote.

"Hilo sijalitatua," anasema mwombaji. "Nadhani ingefaa jina la mtaa lionekane pamoja na jina la mwenye mita, lakini sijalijaribu."

Mtu asiyezoea saili anaweza kudhani kwamba sentensi hiyo ya mwisho imemharibia. La, imemjenga. Msaili amejifunza kwamba mtu huyu huona wapangaji, si wenye nyumba peke yao. Kwamba huacha wazo lake likishindwa. Na kwamba hatamficha mwajiri kasoro iliyobaki. Programu nzuri kwa macho ikimkataa mpangaji, maji ya familia yake yatakatwa ingawa fedha anazo mkononi. Uzito wa kazi hii ndio huo.

4. Hesabu ya majaribio

Mwombaji aghalabu huulizwa: "Ulijaribu na watu wangapi, na kwa nini idadi hiyo?" Jibu linahitaji hisabati kidogo ya kidato cha tatu.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walieleza kanuni ya kukadiria sehemu ya kasoro zinazoonekana katika majaribio. Ikiwa uwezekano wa mtu mmoja kukutana na kasoro fulani ni k, na waliojaribu ni watu n, basi:

Sehemu ya kasoro zilizoonekana = 1 − (1 − k)ⁿ

Katika kazi walizozichunguza, wastani wa k ulikuwa 0.31. Kwa thamani hiyo matokeo ni haya:

Mtu 1: asilimia 31
Watu 2: asilimia 52
Watu 3: asilimia 67
Watu 4: asilimia 77
Watu 5: asilimia 84

Yaonekana kwamba kila mtu anayeongezwa huleta mapya machache kuliko aliyemtangulia. Kwa sababu hiyo Nielsen alishauri kufanya majaribio madogo ya watu watano, kurekebisha, kisha kujaribu tena, badala ya kufanya jaribio moja kubwa.

Hata hivyo hapana budi kanuni hii itumiwe kwa uangalifu. Thamani ya 0.31 ni wastani wa kazi zile, wala si sheria ya maumbile. Kama kasoro ni ya nadra, na k ni 0.10 tu, watu watano wataonyesha asilimia 41 ya kasoro za namna hiyo; zaidi ya nusu zitabaki zimejificha. Tena, kama watumiaji ni wa makundi yanayotofautiana sana, kwa mfano wakulima na makarani, watu watano wa kundi moja hawawezi kulisemea kundi jingine.

Jambo jingine ni jinsi ya kutaja matokeo. Watu wanne kati ya watano wakifaulu, mwombaji na aseme "wanne kati ya watano". Akisema "asilimia 80 ya watumiaji", anadokeza kwamba amepima umma mzima, na msaili mwenye uzoefu atamwuliza mara moja asilimia 80 ya wangapi. Jaribio dogo hufaa kugundua kasoro. Halifai kukadiria ni watu wangapi nchini watafaulu.

5. Siku ya usaili

Taratibu hutofautiana baina ya mwajiri na mwajiri, lakini sehemu nne hutokea mara nyingi: mazungumzo mafupi ya kufahamiana, uwasilishaji wa jalada, zoezi la papo kwa papo, na maswali kuhusu ushirikiano kazini.

Katika uwasilishaji, muda ndio adui wa kwanza. Mwombaji aliyepewa dakika 30 na afanye mazoezi ya kusema kwa dakika 20, ili zinazobaki ziwe za maswali. Aanze na tatizo pamoja na mtu aliyepatwa nalo, si historia ya maisha yake. Afike mapema penye jambo lililomshangaza, kwa kuwa hapo ndipo fikra zake zinapoonekana. Afanye mazoezi mbele ya mtu asiyejua taaluma hii, kama vile mama au shangazi. Wakishindwa kuelewa tatizo lilikuwa nini, kosa ni la simulizi.

Katika zoezi la papo kwa papo, mwombaji hupewa kalamu na ubao na kuambiwa, kwa mfano, asanifu mashine ya kuuzia tiketi za kivuko. Wengi huanza kuchora vitufe hapo hapo. Ingefaa waulize kwanza. Wavukao ni akina nani: wanafunzi, wenye baiskeli, wachuuzi wenye mizigo? Hulipa kwa sarafu, kwa noti au kwa simu? Foleni ya asubuhi ina urefu gani, na msafiri ana sekunde ngapi kabla kivuko hakijang'oa? Umeme ukikatika itakuwaje? Baada ya maswali hayo, mwombaji achague kundi moja la watumiaji, aseme waziwazi kwa nini amelichagua, kisha achore huku akieleza. Msaili hatarajii mashine kamili katika dakika 40. Anatazama mpangilio wa fikra, na jinsi mwombaji anavyopokea pingamizi. Akiambiwa, "Hapo kipofu atafanyaje?" asijitetee; na atafakari, akubali upungufu kama upo, aurekebishe mchoro.

Mwombaji naye ana haki ya kuuliza. Je, wasanifu wa mahali hapo hukutana na watumiaji mara ngapi? Nani huamua matokeo ya majaribio yanapopingana na matakwa ya mkubwa? Majibu yatamwonyesha kama atafanya usanifu au upambaji tu.

6. Uaminifu

Kazi nyingi hufanywa na kikundi. Mwombaji asemaye "nilifanya" kwa kila jambo hujidai ya wenzake. Asemaye "tulifanya" kwa kila jambo huficha kama alifanya lolote. Njia iliyo sawa ni kutenganisha: "Uchunguzi tuliufanya watu watatu, michoro ya pili niliichora mimi, maandishi ya menyu aliyaandika mwenzangu."

Ikiwa kazi ilifanywa chini ya mkataba wa kutunza siri, mwombaji asiionyeshe bila idhini. Anaweza kueleza njia aliyoipita bila kutaja takwimu na majina. Mwajiri anayemwona akitoa siri za mwajiri wa jana atajua kwamba kesho zake nazo zitatolewa. Vivyo hivyo kwa watu walioshiriki majaribio: majina, sura na namba zao za simu visiwekwe katika jalada pasipo ridhaa yao.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazochora skrini nzuri kwa sekunde chache baada ya kupewa maelezo. Kuzitumia si dhambi, mradi mwombaji aseme kwamba amezitumia. Lakini kuwapo kwake kumeipunguza sana thamani ya picha peke yake. Picha inaweza kupatikana na kila mtu. Asubuhi mbili penye kibanda cha wakala haziwezi kuchorwa na mashine.

7. Kuanza shuleni

Maandalizi haya hayahitaji maabara ya kompyuta. Wasanifu wa matumizi wenyewe hutumia mifano ya karatasi: kila skrini huchorwa kwenye karatasi yake, mtumiaji hugusa kwa kidole penye kitufe kilichochorwa, na mwenzake hubadilisha karatasi kana kwamba yeye ndiye mashine. Kasoro nyingi hujitokeza hapo, kabla senti moja haijatumika kwa uundaji.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi chombo walichokizoea: fomu ya kuazima vitabu, tangazo la ratiba ya mitihani, au maelekezo ya kuchanganya dawa ya maji. Wakitazame kikitumiwa na watu watano bila kuwasaidia, waandike kila mahali mtu aliposita, wabuni mabadiliko moja, kisha wajaribu tena na watu watano wengine. Kutazama bila kusaidia ndiyo sehemu ngumu zaidi, kwa kuwa moyo wa binadamu hupenda kuelekeza. Mwanafunzi akishindwa kunyamaza, amejifunza jambo kuhusu nafsi yake. Akiweza kunyamaza, amejifunza jambo kuhusu chombo. Kazi kama hiyo, ikiandikwa kwa usafi katika kurasa nne pamoja na makosa yake, ni kazi ya kwanza katika jalada. Kijana wa wilayani aliye nayo anaweza kuketi mbele ya wasaili bila haya, hata kama kompyuta yake ya kwanza aliigusa chuoni.

Hitimisho

Jibu la 9.8 bila jedwali halimshawishi mtahini, na skrini nzuri bila njia iliyoizaa haimshawishi msaili. Ajiandaaye kwa usaili huu hana budi kuweka kumbukumbu tangu siku ya kwanza ya kazi: dhana zake, alichokiona, alipokosea na alichobadili. Kumbukumbu hizo haziwezi kutungwa usiku wa kuamkia usaili.

Maswali na mazoezi

1. Kwa kutumia kanuni iliyotolewa, kokotoa sehemu ya kasoro zitakazoonekana ikiwa k ni 0.20 na waliojaribu ni watu 5. Wanahitajika watu wangapi ili sehemu hiyo ipite asilimia 80?
2. Eleza kwa nini ajali za B-17 hazikuweza kuondolewa kwa kuwaonya marubani wawe waangalifu zaidi.
3. Mwombaji anasema, "Asilimia 75 ya watumiaji walifaulu," nao walikuwa wanne. Andika upya sentensi yake kwa uaminifu.
4. Pendekeza njia ya kumsaidia mpangaji aliyeona jina la mwenye nyumba, kisha eleza utakavyoijaribu kwa karatasi.
5. Chagua fomu moja inayotumika shuleni. Tazama watu watano wakiijaza, na uandike taarifa ya kurasa mbili ukijibu maswali (a) mpaka (g).